Tepu, mrija wa mikunjo au ala ya joto: kinga ipi ya nyaya ikae wapi chini ya boneti

Gari langu lilikuwa linazimika kwenye matuta. Si kila tuta, na hapo ndipo palipotuchosha. Likabadilishiwa pampu ya mafuta, likabadilishiwa sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka), na bado lingevuka matuta kumi salama kisha la kumi na moja likate moto. Nilipoamua kukaa nalo na tochi, nikalifuata fungu la nyaya kwa kidole kutoka kwenye konekta ya sensa kwenda juu, nikafika mahali ambapo mtu aliwahi kuzungusha tepu nyeusi ya plastiki juu ya mrija wa zamani uliopasuka. Gundi ilishayeyuka, tepu imeteleza pembeni, na chini yake waya mmoja umesuguliwa na bano la chuma hadi shaba inang'aa. Gari likiruka, shaba inagusa chuma na injini inazima.

Aliyeweka tepu ile aliliona tatizo. Alikosea mawili: alichagua kinga isiyohimili joto la pale, na lile bano akaliacha liendelee kusugua. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kinga moja na nyingine, inabidi kujua waya unaliwa na nini.

Kila adui ana alama yake

Joto hukausha ganda la waya. Linakuwa gumu, rangi inapauka au kuwa ya kahawia, na ukiupinda waya taratibu linapasuka. Msuguano huacha doa sehemu moja, upande mmoja, mara nyingi likiwa limeng'aa kabla halijatoboka. Oili huvimbisha ganda na kulifanya linate. Maji ni mabaya zaidi kwa sababu hayaonekani: yanaingia kwenye kijitundu kidogo, yanatembea ndani ya waya, na shaba inageuka kijani au nyeusi chini ya ganda ambalo kwa nje ni zima kabisa. Panya naye huacha mistari ya meno miwili miwili na makombo ya plastiki juu ya injini.

Anza kukagua pale injini inapokutana na bodi. Injini imekaa juu ya mipira, inacheza kila unapowasha, unapoongeza moto na unaposhika breki, ilhali bodi imetulia. Fungu linalovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine hupindwa maelfu ya mara kwa mwaka. Kisha tazama nyuma ya injini, karibu na ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini, ambako mkono haufiki vizuri na joto halitoki. Tazama chini ya betri. Tazama nyaya za sensa ya oksijeni, maana zenyewe zinaishia kwenye bomba la eksozi. Na pale nyaya zinapopenya ukuta kuingia kabini, hakikisha mpira wa tundu upo na haujapasuka. Tundu la chuma lisilo na mpira ni kisu, na hakuna tepu ya kulishinda.

Ukishuku mahali panasuguliwa lakini huna hakika, chora mstari juu ya mrija kwa kalamu ya rangi nyeupe, endesha gari wiki moja, kisha rudi uangalie. Mstari uliofutika umekujibu.

Kazi ya kufungua na kufunga nyaya ifanywe injini ikiwa baridi, swichi imezimwa, na kichwa hasi cha betri kimetolewa. Toa hasi kwanza na urudishe hasi mwisho, kwa sababu spana iliyo kwenye chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa, umepiga shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako. Kwenye magari ya haibridi na ya umeme, nyaya nene za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Hizo mwachie fundi aliyefunzwa. Nyaya zenye kifuniko cha njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, nazo ziache zilivyo.

Tepu nyeusi ya plastiki na tepu ya kitambaa

Zinafanana kwa mbali na watu huzichukulia kama kitu kimoja. Tepu ya plastiki ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya viungo vya umeme wa majumbani. Nyingi huhimili nyuzijoto 80 za Selsiasi, zile nzuri hufika 105. Chini ya boneti joto hilo hupatikana upesi, na kinyume na watu wanavyodhani, saa mbaya zaidi ni dakika zinazofuata baada ya kuzima gari: feni imesimama, hewa haipiti, na joto la chuma chote linapanda juu lilikolala fungu la nyaya. Gundi hugeuka uji, tepu inateleza, vumbi linashika ule uji. Ukija kufungua baadaye unafanya kazi na vidole vinavyonata na huoni tena rangi za nyaya.

Tepu ya kitambaa cha poliesta, ile ambayo viwanda vya magari hufungia nyaya za injini, huhimili kati ya 125 na 150 °C kutegemea aina. Haikunjuki ncha, haiachi uji, na inavumilia kusuguliwa kuliko ya plastiki. Lakini angalia unachonunua. Ipo pia tepu laini yenye manyoya, iliyotengenezwa kuzuia nyaya zisigonge na kupiga kelele ndani ya kabini. Hiyo kwa kawaida ina kiwango cha chini cha joto, na si mali ya injini hata kama kwa mguso inaonekana nene.

Udhaifu wa tepu ya kitambaa ni kwamba inanyonya. Oili ikidondoka juu yake inabaki humo, na maji pia. Kama gasketi ya kifuniko cha valvu inavuja, ziba uvujaji kwanza. Ukifunga kitambaa chini yake umezivalisha nyaya nguo iliyolowa oili.

Kwa chini ya boneti, basi, sioni ushindani. Tepu ya plastiki ningeitumia kushikilia fungu kwa muda wakati wa kupima, kisha ningeitoa.

Tepu ya kitambaa na mrija wa mikunjo

Hapa ndipo uchaguzi unakuwa mgumu kweli, kwa sababu vyote viwili ni vizuri na vinavunjika kwa namna tofauti.

Mrija wa mikunjo, ule uliopasuliwa kwa urefu, una faida moja kubwa: unauvisha bila kuchomoa konekta yoyote. Ukuta wake ni mgumu, kwa hiyo kona ya chuma inausugua mrija muda mrefu kabla ya kuufikia waya. Unaweza kuufungua ukakagua na kuurudisha. Kama adui wako ni msuguano wa nje, mrija unakishinda kitambaa bila shaka.

Ila mrija wote mweusi si mrija mmoja. Ule wa polithini huchoka kwenye joto la karibu 90 °C, wa polipropilini hufika kiasi cha 125, na wa nailoni hufanya kazi kati ya 125 na 150. Dukani vyote vimening'inia pamoja, vyote vyeusi. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo, kiwashe nje kwenye hewa wazi ukikishika kwa koleo, na usipeleke pua karibu. Polithini na polipropilini hutoa harufu ya mshumaa uliozimwa. Nailoni hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Mrija wa harufu ya mshumaa naupeleka mbele, karibu na taa. Wa nywele naupeleka kwenye injini.

Ubaya wa mrija ni mambo ya ndani. Kama ni mpana kuliko fungu, nyaya hucheza humo, na mikunjo ile ile inayoleta unyumbufu inakuwa tupa. Mchanga ukiingia kwenye mpasuko, unafanya kazi ya msasa. Kwenye kona kali mpasuko hufunguka na waya unachungulia nje, pengine upande ule ule ulio na chuma. Na mrija uliopikwa miaka mingi hukauka ukavunjika vipande vyenye ncha. Mrija wa gari langu ulipasuka hivyo.

Kwa hiyo ukiuchagua, chukua kipenyo kinachokaribia fungu lako na kubakiza nafasi ndogo ya kupumua, elekeza mpasuko chini ili maji yatoke, na funga kila ncha kwa mizunguko kadhaa ya tepu ya kitambaa inayoshika mrija na nyaya kwa pamoja. Ncha isiyofungwa ndiyo mlango wa mchanga, tena ndiyo inayokata waya.

Kitambaa nacho kinashinda mahali penye kupinda sana na penye nafasi finyu. Fungu lililofungwa kwa kitambaa ni jembamba, linalala linapolazwa, na nyaya haziwezi kusuguana zenyewe kwa zenyewe. Lifunge kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, bila kuvuta sana. Ukikaza kama bandeji ya mguu uliovunjika, fungu linakuwa fimbo na mpindo wote unahamia kwenye konekta, ambako waya utakatika.

Pale injini inapokutana na bodi mimi situmii kimoja. Naweka kitambaa ndani, kimezungushwa kwa kuacha nafasi ili fungu liendelee kunyumbulika, kisha mrija wa nailoni juu. Ni kazi ya nusu saa zaidi, na sehemu hiyo inastahili.

Soksi ya kusuka

Soksi ya nyuzi za poliesta inapendeza kuliko zote, nyepesi, inanyumbulika, na fungu lake linapoa vizuri kwa sababu ina matundu. Kwa joto hufanya kazi hadi kiasi cha 125 °C, nyingine 150. Matundu hayo hayo ndiyo yanayonifanya niipime mara mbili: oili inapita, vumbi linapita, na kona kali inapata nafasi kati ya nyuzi. Aina iliyofungwa pande zote inadai uchomoe vichwa vya nyaya kutoka kwenye konekta, jambo ambalo kwa fungu la kompyuta ya injini ni kutafuta ugonjwa mpya. Kuna aina yenye mpasuko inayojikunja yenyewe, na hiyo ndiyo ya kutumia kwenye matengenezo. Ncha zake hufumuka zisipofungwa kwa mpira wa kusinyaa, yaani kijirija kinachobana kikipashwa joto. Kwenye nyaya za mbele na za juu ya injini, mbali na kona, sina pingamizi nayo.

Mpira wa kusinyaa, na kiungo kilicho chini yake

Huu si mshindani wa zile nyingine. Kazi yake ni kufunika kiungo au jeraha moja. Wa kawaida hutumika hadi 125 °C na husinyaa hadi nusu ya kipenyo chake. Ule wenye gundi ndani, unaosinyaa hadi theluthi, ni bora zaidi chini ya boneti, maana gundi inayeyuka, inajaza nafasi na kufunga njia ya maji. Ukiona uzi mdogo wa gundi umetokeza pande zote mbili, kiungo kimezibwa. Tumia bunduki ya hewa ya moto. Moto wa kiberiti cha gesi unauunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Na uuvishe mpira kwenye waya kabla ya kuunga. Kila aliyewahi kufanya kazi hii ameunga waya safi kisha akauona mpira umebaki mezani.

Mpira mzuri hauokoi kiungo kibaya. Kusokota nyaya mbili na kufunga si kiungo. Kati ya kubana kwa kifungo cha chuma na kuunga kwa risasi inayoyeyushwa kwa moto (solda), kwenye injini nachagua kubana, kwa koleo la kazi hiyo na kifungo kinacholingana na unene wa waya. Risasi hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya ziwe kijiti kigumu. Pale ugumu unapoishia na ulaini unapoanzia, mtetemo hukata. Anayeunga kwa risasi ashikilie waya pande zote mbili za kiungo usipate kucheza.

Kama nyaya mbili zimesokotwa pamoja, kwa mfano zile za mawasiliano kati ya kompyuta za gari, rudisha msokoto wake karibu kabisa na kiungo. Msokoto ule ndio unaozuia kelele za umeme za koili na alteneta zisiingie kwenye mawasiliano.

Ala za joto: ya kuakisi au ya kuzuia?

Karibu na eksozi, tepu na mirija yote niliyoitaja inaondoka mezani. Hapo zinakuja ala, yaani vifuko virefu vinavyovishwa juu ya nyaya. Kuna ala ya nyuzi za kioo iliyopakwa silikoni, inayohimili karibu 260 °C kwa muda mrefu. Ala ya nyuzi za kioo tupu, inayovuka 500. Na ala yenye uso wa alumini juu ya nyuzi za kioo.

Ya alumini inafanya kazi kwa kurudisha joto linalomulika kutoka mbali, kama unavyolisikia joto la makaa usoni bila kuyagusa. Inahitaji hewa kati yake na eksozi. Ikigusana nayo, alumini haina cha kuakisi, inapitisha joto moja kwa moja. Halafu alumini inapitisha umeme, kwa hiyo ncha yake ikae mbali na vichwa vya betri, stata na alteneta. Ile ya nyuzi za kioo zenye silikoni haijali kuguswa na oili wala maji na ndiyo ninayoipenda kwa waya wa sensa ya oksijeni na waya wa stata unaopita chini ya eksozi. Nyuzi za kioo tupu zinawasha ngozi na hazifai kuvutwa puani. Vaa glavu, na ncha zilizokatwa uzifunge.

Ipo namba moja ambayo karibu hakuna anayeisoma, nayo si ya ala. Kiwango cha kimataifa cha nyaya za magari, ISO 6722, kilizipanga kwa madaraja: A ni 85 °C, B ni 100, C ni 125, D ni 150, kisha E 175 na F 200. Ukivisha ala ya 260 °C juu ya waya wa daraja A, ala itaishi na waya utaiva. Ala hupunguza kasi ya joto kuingia, hailifuti. Gari likikaa kwenye foleni muda mrefu, ndani ya ala kutafikia joto linalokaribia la nje. Ndiyo sababu kusogeza fungu upana wa kiganja mbali na eksozi, kwa klipu ya chuma yenye mpira, mara nyingi kunasaidia kuliko ala ya gharama. Sogeza kwanza. Ikishindikana kusogea, vika ala. Na kama ganda limeshakakamaa, badilisha kipande hicho kwa waya wa daraja la juu zaidi ndipo uvike.

Panya

Hakuna kifuniko cha plastiki kinachomzuia panya aliyeamua. Nailoni inamchelewesha. Tepu iliyotiwa ukali wa pilipili inamkera, na wavu laini wa chuma unamshinda, lakini wavu wa chuma karibu na umeme unataka kufungwa kwa uangalifu mkubwa, juu ya mrija na mbali na vichwa vyote. Kwanza ondoa makombo na kiota.

Pale ambapo kufunika ni kosa

Ikiwa ganda linaanguka lenyewe kwenye urefu wote wa fungu, hakuna cha kulinganisha hapa. Baadhi ya magari ya Mercedes-Benz ya kati ya 1992 na 1995 yanajulikana kwa hilo: ganda la nyaya za injini linapukutika likipata joto la miaka. Kulifunga kwa tepu ni kuficha nyaya zilizo uchi zinazogusana. Fungu zima hubadilishwa. Vivyo hivyo shaba ya kijani: kata kurudi nyuma hadi uikute nyekundu safi, hata kama ni urefu wa mkono, ndipo uunge.

Na fyuzi inayoungua kila mara inakuambia waya unagusa mahali. Fyuzi imewekwa kulinda waya. Ya ampea 10, nyekundu, ikiungua, kuweka ya 20 ya njano ni kuufanya waya wenyewe uwe fyuzi, chini ya boneti yenye mafuta na oili.

Nilivyolifunga la kwangu

Niliukata waya uliosuguliwa mpaka kwenye shaba safi upande wa juu na wa chini, nikaweka kipande kipya cha unene ule ule, vifungo viwili vya kubana, mpira wenye gundi juu ya kila kimoja, na viungo nikavipishana visikae sambamba na kuvimbisha fungu. Juu yake tepu ya kitambaa, kisha mrija wa nailoni, mpasuko chini, ncha zimefungwa. Lile bano nikalikunja kwa koleo likarudi nyuma kidole kimoja, na fungu nikalishika kwa klipu ili lisirudi kulitafuta. Halafu nikachora mstari mweupe juu ya mrija, pale pale mbele ya bano.

Wiki ya kwanza niliutazama, na wiki ya tatu. Mwezi wa pili ulikuwa umeshika vumbi kama sehemu nyingine zote. Nikaupangusa kwa kitambaa, na mstari ukabaki mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.